Mtu wa maridhiano hupatikana kwenye kura za maoni

Uchaguzi ukikaribia Zanzibar, wapenda maridhiano huwatazama wagombea urais na kulisahau Baraza la Wawakilishi. Wakilikumbuka, majina yameshapita na karatasi za kura zimeshachapishwa. Katika majimbo yetu mengi mwakilishi hupatikana kwenye kura za maoni za chama chake, na wapigaji wa kura hizo wengi wao waliingia kwenye vikao vya chama miaka kadhaa nyuma. Anayetaka wawakilishi wanaoweza kukaa meza moja na wapinzani wao aanzie huko.

Tazama hesabu. Tuna majimbo 50, Unguja 32 na Pemba 18. Mwaka 1995 CUF, chama kikuu cha upinzani wakati ule, ilichukua majimbo yote 21 ya Pemba ya wakati ule, na mwaka 2005 na 2010 ikachukua yote 18. Kusini Unguja nako CCM haikuwa na wasiwasi. Katika jimbo la namna hiyo uchaguzi mkuu huthibitisha tu kilichoamuliwa ndani ya chama. Mgombea mwenye msimamo mkali akipita kwenye kura za maoni, wananchi wa jimbo zima hawana tena pa kumzuilia.

Na aina ya mtu anayepita ina uzito wake. Mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar hutaka theluthi mbili ya wajumbe wa Baraza. Njia ya kuelekea Serikali ya Umoja wa Kitaifa ilifunguka Barazani Januari 2010, kwa hoja binafsi ya Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, na hoja ile ilipita kwa sababu upande wa CCM kulikuwa na wawakilishi waliokubali kuiunga mkono. Tarehe 31 Julai mwaka huo wananchi wakaisemea ndiyo serikali hiyo kwa asilimia 66.4. Baraza lingekuwa limejaa wahafidhina tupu pande zote mbili, kura ile ya maoni ya wananchi isingefika kwenye vituo.

Wanaojifunza kutoka nje wawe waangalifu. Marekani kuna makundi yanayowasaidia wagombea wa wastani katika kura za mchujo, na zipo sababu za kuyafuatilia. Warepublican 10 wa Bunge la Wawakilishi waliopiga kura ya kumshtaki Donald Trump Januari 2021 walipambana na hasira za chama chao: wanne hawakugombea tena, wanne waliangushwa kwenye mchujo, wawili tu wakarudi. Hao wawili, Dan Newhouse na David Valadao, wanatoka majimbo ya Washington na California, ambako wagombea wa vyama vyote hupigiwa kura katika karatasi moja na wawili wa juu ndio huendelea. Kanuni ya upigaji kura haimwokoi kila mtu, kwani Jaime Herrera Beutler wa Washington hiyohiyo alianguka, lakini inampa mtu wa wastani wapiga kura wengine wa kuwaendea. Seneta Lisa Murkowski wa Alaska aliangushwa kwenye mchujo wa chama chake mwaka 2010, akagombea hivyohivyo na kushinda, wapiga kura wakiandika jina lake kwa mkono.

Kwetu mlango huo haupo. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama na adhaminiwe na chama hicho. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba kumkatalia mtu kugombea bila chama ni kuvunja haki yake, lakini wagombea binafsi bado hawaruhusiwi. Zaidi ya hapo, mwakilishi anayepoteza uanachama hupoteza na kiti. Mansoor Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki kwa CCM na mmoja wa waliokuwemo kwenye Kamati ya Maridhiano, alifukuzwa chama mwaka 2013, na uchaguzi mdogo wa jimbo lake ukafanyika Februari 2014. Kwa hiyo mtu wa maridhiano anayefaa kuungwa mkono ni kada wa kweli: kadi yake ni ya zamani, michango yake ya chama haina deni, na kwenye maskani, vijiwe vya wanachama, hakuna wa kumuuliza ametokea wapi. Ukimpigia debe kama mtu wa kati asiye na upande, umemmaliza kabla hajaanza.

Sasa, nani anapiga kura hizi? Kwa CCM jibu limebadilika mara kadhaa, na anayefanya kazi kwa kanuni za msimu uliopita hupotea. Mwaka 2015 walipiga wanachama wote. Mwaka 2020 walipiga wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo peke yao. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe ilipanuliwa hadi ngazi ya matawi na kura zikapigwa tarehe 4 Agosti, lakini kabla ya hapo Kamati Kuu ilishachuja majina, na Julai katiba ya chama ilirekebishwa ili majina yanayorudishwa yaweze kuzidi matatu. Maana yake mtia nia alipita kwenye chekeche mara mbili, kabla ya kura na baada ya kura. Jambo la kwanza la kufanya, basi, ni kuzipata kanuni za uteuzi za msimu huo kwa maandishi na kuzisoma zote, khasa kifungu cha nani ni mjumbe.

Jambo la pili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Uchaguzi wa ndani wa CCM hufanyika kila miaka mitano: 2012, 2017, 2022. Unaofuata ni wa 2027. Watakaoingia kwenye kamati za matawi, wadi na majimbo mwaka huo ndio kwa sehemu kubwa watakaokuwa wajumbe wa kura za maoni za 2030, kanuni zikibaki zilivyo. Nafasi ya ujumbe wa tawi haigombewi kwa kelele. Mara nyingi huchukuliwa na aliyejitokeza. Vijana na kina mama wanaosema wamechoka na siasa za chuki wachukue fomu hizo, kwani mjumbe mmoja wa tawi ana sauti kubwa kwenye uteuzi kuliko wapiga kura mia wanaosubiri Oktoba. ACT-Wazalendo wana ratiba yao wenyewe, uchaguzi wao wa ndani uliopita ulikuwa Machi 2024, na kazi huko ni ileile.

Halafu hesabu ya ukumbini. Anayepata kura nyingi ndiye wa kwanza, hata kama hajafika nusu. Tuseme jimbo lina wajumbe 300 na watia nia watano. Mwenye msimamo mkali anapata 95. Wawili wa maridhiano wanapata 80 na 70, waliobaki wanagawana 55. Wajumbe 150, nusu ya ukumbi, walitaka mtu wa maridhiano, na aliyeshika nafasi ya kwanza ni yule mwenye msimamo mkali. Hili ndilo kosa linalorudiwa kila msimu, na dawa yake haipatikani wiki ya kura. Watia nia wanaofanana fikra wakutanishwe na wazee wanaowaheshimu kabla ya fomu kuchukuliwa, wakubaliane nani aende na nani angoje au aende kwenye ubunge wa jimbo hilohilo. Wakishachukua fomu, kila mmoja ana ukoo wake na kundi lake nyuma, na kumwambia ajitoe ni kumvunjia heshima.

Siku ya kujinadi mtia nia hupewa dakika chache mbele ya wajumbe, kisha maswali. Dakika hizo zisipotezwe kwa maneno ya jumla kuhusu umoja, kila mtu atayasema. Mjumbe wa Mkoani anataka kujua habari ya bandari, wa Nungwi ya ardhi na mahoteli, wa Donge ya maji na skuli. Mtia nia wa maridhiano aoneshe kwamba kukaa vizuri na upande wa pili kumeleta kitu: kisima kilichochimbwa shehiani bila kugombaniwa, au msikiti uliojengwa na watu wa bendera mbili. Akiulizwa swali la mtego, «wewe si unakula na wapinzani?», ajibu kwa Katiba: tangu 2010 muundo wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ni wa Umoja wa Kitaifa, kwa hiyo anayeutetea anatetea Katiba ambayo mwakilishi huapa kuilinda. Jibu hilo alifanyie mazoezi mpaka alitoe bila kuhema.

Kwa aliyewahi kuwa mwakilishi, someni kumbukumbu rasmi za Baraza kabla ya kumuunga mkono. Wapo wanaozungumza kwa upole mitaani na kutukana Chukwani, kwenye ukumbi wa Baraza.

Fedha. Hapa nasema bila kuzunguka: bahasha kwa wajumbe ni rushwa, na ZAECA, chombo cha kupambana na rushwa Zanzibar, ina mamlaka ya kuishughulikia. Futari za Ramadhani, khitma na mchango wa harusi ni mila zetu, lakini tende na sukari zinazoanza kugaiwa mwaka wa uchaguzi tu, kwa wajumbe tu, kila mtu anajua ni nini. Mtu wa maridhiano akihonga amewapa wahafidhina silaha ya kumkatia jina, tena kihalali. Gharama halali ni ndogo: fomu, nauli, picha, chakula cha wanaomsaidia. Ziandikwe kwenye daftari kwa tarehe na risiti. Kuanza kampeni mapema pia ni kosa la kichama. Februari 2014 CCM iliwaadhibu makada sita, akiwemo Edward Lowassa, kwa sababu hiyo. Na asasi inayotaka kukipa chama mafunzo au elimu ya uraia itoe taarifa kwa Msajili wa Vyama vya Siasa siku 30 kabla, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2019.

Matokeo yakishatangazwa ukumbini kazi haijaisha. Majina hupanda kwenye vikao vya wilaya na mkoa hadi Kamati Kuu, na wa kwanza anaweza kuachwa akachukuliwa wa pili au wa tatu. Mtia nia aliyeshinda kwa haki awe na nakala ya matokeo, na malalamiko yoyote ayawasilishe kwa maandishi kwenye kikao husika mara moja. Aliyeshindwa asihame siku ya pili yake. Wajumbe husamehe aliyeshindwa, lakini aliyehama kwa hasira humkumbuka miaka mitano.

Viti maalum vya wanawake ni asilimia 40 ya idadi ya majimbo, yaani 20. Kwa CCM kura zake hupigwa ndani ya UWT, jumuiya ya wanawake ya chama, kwa mikoa, na wanaopiga ni wachache kuliko wa jimbo. Makundi ya maridhiano karibu hayajawahi kuweka nguvu huko, na uchaguzi wa ndani wa jumuiya nao ni huohuo wa 2027.