Flapu si breki tu

Ndege ya rimoti inaweza kuanguka ufukweni kwa kosa lililofanyika mezani nyumbani, na mara nyingi kosa hilo hutokana na maneno tunayopokezana uwanjani bila kuyapima.

Linaloongoza ni hili: "Flapu ni breki." Ni nusu ya ukweli. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa karibu na bodi, zikishuka, ukinzani wa hewa unaongezeka, lakini mnyanyuo, nguvu inayoinua ndege, nao unaongezeka. Ukizishusha zote kwa mpigo, ndege nyingi zenye bawa juu ya bodi huinua pua, mwendo unakata, na ndege inadondoka ikiwa bado haijafika chini. Kwa hiyo iseti rimoti ili flapu zichukue sekunde mbili au tatu kushuka. Kisha ziunganishe na elevata, kibao cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua, nayo ishuke kidogo kila flapu zinaposhuka. Kiasi chake kijaribu ukiwa juu, penye nafasi ya kujiokoa. Kwa kupaa, digrii 10 hadi 20 zinatosha. Kwa kutua, anza na 30. Fungua propela kwanza, halafu pima pande zote mbili kwa kipimapembe cha mwanafunzi. Usikadirie kwa macho: upande mmoja ukishuka kuliko mwenzake, ndege italala.

Wengine hushikilia kwamba eleroni, vibao vya karibu na ncha za bawa vinavyoilaza ndege, lazima zipande na kushuka sawasawa. Sivyo, hasa kwa ndege za mwendo mdogo zenye bawa refu. Eleroni inayoshuka hukinzwa na hewa kuliko inayopanda, hivyo unakata kulia huku pua inavutwa kushoto. Eleroni ikipanda milimita 12, ishuke 6 hadi 8, kisha rekebisha kadiri ndege inavyokwenda.

Waya wa Y, unaounganisha servo mbili kwenye chaneli moja ya rimoti, nao haufai kila mahali. Servo mbili, yaani mota ndogo zinazosogeza vibao, zikifungwa kwa kutazamana, waya huo hupandisha eleroni moja na kushusha nyingine, ndivyo inavyotakiwa. Uhamishie kwenye flapu uone: moja chini, moja juu. Zipe flapu chaneli mbili.

Halafu kuna dhana kwamba ndege iliyosetiwa Dar es Salaam itatua vilevile Mwanza. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku Mwanza ni nyepesi kwa kama asilimia 10. Joto la mchana huipunguza zaidi. Ndege ileile inahitaji mwendo mkubwa kidogo ili isidondoke, kwa hiyo usiikate moto mapema. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani. Upepo ukishakaza, tumia flapu nusu, na kwa kuwa utatua ukiuelekea, yaani pua ikitazama maji, chagua sehemu ya kugusa chini iliyo mbali na ukingo.