Chanjo ya Mbegu za Soya Si Dawa

Wakulima wengi wa Nyanda za Juu Kusini ninaowatembelea huiita chanjo ya mbegu za soya "dawa", nami nimeacha kuwasahihisha, ingawa jina hilo ndilo linaloponza kazi. Dawa huchomekwa popote, hata chini ya bati lenye joto, ilhali pakiti ile ina bakteria hai wa kundi la rizobia, ambao hufa kwa joto kama inavyokufa hamira.

Bakteria hao huingia katika mizizi ya soya na kujenga vinundu, ambamo huibadili naitrojeni ya hewani kuwa lishe ya mmea, nao mmea huwapa sukari. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na aina zake nyingi hazielewani na bakteria waliomo katika udongo wetu, ndiyo maana shamba ambalo halijawahi kupandwa soya ndilo huhitaji chanjo zaidi.

Mwaka mmoja niliiacha pakiti ndani ya gari juani, huko Mbarali, nikaitumia hivyo hivyo. Soya ikatoka na majani ya manjano. Nilipochimba mashina kumi, vinundu vilihesabika kwa vidole.

Sasa huchanganya kivulini, katika beseni: nazilowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari ili unga wa chanjo ugande, nazigeuza taratibu kwa mkono zisichubuke ganda, kisha nazipanda siku hiyo hiyo udongo ukiwa na unyevu na kuzifukia mara moja. Mbegu iliyopakwa kiuatilifu cha kuzuia ukungu huweza kuwaua bakteria, kwa hiyo soma kwanza lebo yake.

Chanjo haizibi pengo la fosforasi. Penye udongo mchachu, kama sehemu nyingi za Mbeya na Njombe, bakteria hudhoofika, hivyo pima udongo, weka chokaa ukiambiwa, na upandie mbolea ya fosforasi kama TSP au Minjingu. Urea iache: mmea ulioshiba naitrojeni ya mfukoni haujishughulishi na vinundu.

Soya ikianza kutoa maua, kagua vinundu, ila usiing'oe, maana vitabaki ardhini. Ichimbue kwa jembe, osha mizizi, ukipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, bado hakijaanza; cha kijani kimeshachoka.