Breka ikikata-kata, usikimbilie kubwa

Kuna watu breka ya umeme (ile swichi ya kwenye boksi inayojikata yenyewe) ikikata-kata wanamwambia fundi aweke kubwa zaidi eti ile ya kwanza ni dhaifu. Sio dhaifu, inafanya kazi yake. Breka iko pale kulinda waya uliofichwa ukutani, sio hita yako wala friji. Chukua hita ya kuogea ya wati 5500, kwa volti 230 inavuta karibu ampea 24, sasa fundi kaiunga kwenye waya wa soketi wa 2.5 (unene, milimita za mraba) wenye breka ya ampea 20 na wewe unaoga huku mwenzio anapiga pasi laini hiyo hiyo, isikate kwa nini? Ukiweka ya 40 utaoga raha mustarehe, ila waya unachemka ndani ya plasta, plastiki yake inakauka na kupasuka mdogo mdogo na breka imekaa kimyaaa maana kwake 30 bado ni kidogo.

Dawa ni hita ipewe laini yake peke yake toka kwenye boksi la breka, waya wa 6, breka ya 32. Inauma mfukoni, najua.

Halafu breka ya kawaida haikuokoi ukipigwa na umeme, hiyo ni kazi ya RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ile yenye kitufe cha T cha kutest ambacho karibu hakuna anayekibonyeza.