Tripo opsheni si ubabe tu
Kwa miaka mingi mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu wamesema tripo opsheni, mtindo wa kushambulia wenye chaguo tatu za nani abebe mpira, ni ubabe tu: kocha anachagua mbebaji, wenzake wanasukuma. Sivyo. Uamuzi hufanywa mpira ukishaanza kuchezwa. Mlinzi wa pembeni wa safu ya mbele huachwa makusudi bila kuzuiwa, na kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi, humsoma yeye. Akiingia ndani kumkaba fulbeki, mkimbiaji wa katikati, kwotabeki huuchomoa mpira na kutoka nao nje. Asipoingia, fulbeki hupewa. Huko nje yupo mlinzi wa pili: akimvamia kwotabeki, mpira hurushiwa mkimbiaji wa tatu. Yote ndani ya sekunde chache! Na pasi zipo: mwaka 2009 Demaryius Thomas wa Georgia Tech, timu ya chuo iliyocheza mtindo huu, alidaka pasi 46 za jumla ya yadi 1,154.