Kwa nini utando mgumu hujing'oa wenyewe

Jioni moja nilitoa kwenye chumba cha ombwe kisahani cha silikoni nilichokipaka kaboni inayofanana na almasi. Utando ulikuwa laini, unang'aa kama kioo. Asubuhi niliukuta umebanduka. Kwenye hadubini niliona vivimbe vyembamba vilivyojipinda huku na huko kama njia za mchwa, na kimoja kilikuwa bado kinarefuka mbele ya macho yangu. Hakuna aliyekigusa kisahani kile. Ilikuwa kazi ya mkazo wa ndani, yaani nguvu iliyobanwa ndani ya utando wenyewe.

Kaboni hii haina mpangilio wa fuwele. Baadhi ya atomu zake zimeshikana na majirani wanne, kama kwenye almasi; nyingine na watatu, kama kwenye grafiti. Katika utando mgumu kabisa, usio na hidrojeni, zile zenye majirani wanne hufika asilimia 85 hivi. Ndiyo maana kaboni hii hupakwa kwenye nyembe, kwenye nozeli za dizeli na kwenye diski za kompyuta.

Lakini atomu hazikai hivyo kwa hiari. Tunazirusha zikiwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, zenye nishati ya elektronivolti 100 hivi, zinapenya chini ya uso na kujishindilia kati ya zilizotangulia. Ni lumbesa: gunia limeshajaa, bado linaongezwa. Nishati ikipungua sana, atomu zinabaki juu juu na utando unakosa ugumu. Ikizidi sana, joto la mgongano linazipa nafasi ya kurudi kwenye hali ya grafiti. Msongamano unaoleta ugumu ndio huohuo unaoleta mkazo. Utando unataka kutanuka, silikoni inauzuia, na mkazo unaweza kufika gigapaskali 10, yaani karibu mara 90 ya shinikizo la maji kwenye sakafu ya shimo la Mariana, kina kirefu kuliko vyote baharini.

Tunaupimaje? Kwa mpindo wa kisahani, kwa kanuni aliyoitoa mhandisi Stoney mwaka 1909. Chukua silikoni yenye unene wa mikromita 500, upake nanomita 100 za kaboni yenye mkazo wa gigapaskali 5. Kisahani kitapinda kama kipande cha duara lenye nusu kipenyo cha mita 15. Kikiwa na upana wa milimita 100, katikati kitainuka mikromita 83, kama unene wa unywele. Kwa macho huoni kitu. Mwali wa leza unaona.

Sasa fikiria mkeka mpana kuliko chumba: ukiulazimisha ulale, utainuka katikati. Utando nao hubanduka pale nishati iliyojibana ndani yake inapozidi nguvu ya gundi yake na silikoni. Nishati hiyo huongezeka kwa unene, na kwa mraba wa mkazo. Mkazo ukiongezeka maradufu, unene unaoweza kuvumilika unabaki robo. Wanafunzi wengi hulisahau hili. Wanaongeza muda wa kupaka, kisha wanalaumu usafi wa kisahani.

Tabaka la kromi au titani chini ya kaboni husaidia kushikilia. Silikoni ikichanganywa ndani hupunguza mkazo, ila ugumu nao hupungua. Njia ninayoipenda zaidi ilionyeshwa na watafiti wa maabara ya Sandia, Marekani, miaka ya 1990: pasha utando hadi nyuzi 600 za Selsiasi kwa dakika chache. Asilimia ndogo tu ya atomu hubadilisha mshikamano wao, na karibu mkazo wote huondoka, ugumu ukibaki. Kisha unapaka tabaka jingine, unapasha tena, mpaka unavuka mikromita moja bila kuona kivimbe hata kimoja.