Mafunzo ya Ufundi Stadi ya Kutunza Wazee na Watu Wenye Ulemavu: Maana Yake

Mafunzo ya ufundi stadi ya utunzaji humwandaa mtu kufanya kazi ya kumsaidia mzee au mtu mwenye ulemavu katika mambo ya kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kwenda msalani, kujigeuza kitandani, kutoka nje, kukutana na watu. Anayehitimu si muuguzi. Hachomi sindano, haandiki dawa, na hapunguzi wala kuongeza dozi aliyoandika daktari. Kazi yake ni ile inayobaki baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka hospitali ya Ligula au Ndanda na kurudishwa nyumbani, ambako hakuna mtu wa koti jeupe na maisha lazima yaendelee.

Huku Kusini mwa Tanzania kazi hiyo hufanywa na binti, mjukuu au mke. Familia yenye uwezo humchukua msichana wa kazi, akaelekezwa siku moja na kuachwa na mzee. Ukimwambia mtu wa Masasi au Nachingwea kwamba kijana anaweza kwenda kusomea kumtunza mzee, atakuuliza kuna nini cha kusomea hapo, maana kila mtu amekua akiona bibi anavyotunzwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni refu.

Chukua mzee aliyepata kiharusi, upande wa kushoto umepooza. Kumvalisha shati tu kuna utaratibu wake: mkono uliopooza unaingia kwanza, mkono mzima unafuata. Wakati wa kuvua, mzima unatoka kwanza. Ukikosea utaratibu huo utajikuta unauvuta mkono usio na nguvu, na bega la mkono huo halishikwi tena na misuli yake kama zamani. Ukimwinua mzee kwa kumvuta mkono, au kwa kumkamata kwapani, bega linaweza kuteguka au kubaki na maumivu ya miezi mingi. Nimeona watoto wanaompenda baba yao kwa dhati wakimwinua hivyo hivyo kila asubuhi. Mapenzi yao hayakuwa na kasoro. Hakuna aliyewafundisha.

Kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu nako kuna namna yake. Kiti kinasogezwa upande wa mwili ulio mzima, breki zinafungwa, vikanyagio vinainuliwa. Miguu ya mzee inakanyaga chini sawasawa, yeye anaegemea mbele, mtunzaji anakunja magoti na kunyoosha mgongo, wanahesabu pamoja na kuinuka pamoja. Mzee anatumia nguvu zote alizo nazo, mtunzaji anaongeza zile tu zilizopungua. Anayenyanyua kwa kuinama kiunoni ataumia mgongo mapema, na baada ya hapo watu wawili ndani ya nyumba watahitaji kutunzwa.

Halafu kuna kula, ambako hatari yake haionekani. Kiharusi huweza kuharibu uwezo wa kumeza. Chakula au maji yakipita njia ya hewa, siku chache baadaye mzee anapata homa ya mapafu na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Aliyefunzwa humkalisha mzee wima kabisa, kidevu kimeshuka kidogo, anatumia kijiko kidogo, anasubiri ameze ndipo alete kingine, kisha anaangalia kama chakula kimebaki shavuni upande uliopooza. Akimaliza, mzee anaendelea kukaa wima kwa kama nusu saa. Wengi hushangaa kusikia kwamba maji matupu ni magumu kumeza kuliko uji mzito, kwa sababu maji hukimbia kooni kabla koo halijajipanga. Mzee akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikawa kama ina majimaji baada ya kula, mtunzaji anasimama hapo hapo na kupeleka taarifa hospitali. Halazimishi tonge moja zaidi.

Vidonda vya kulalia ndilo somo ambalo mimi ningelianza siku ya kwanza darasani. Mtu asiyeweza kujigeuza anaukandamiza mwili wake mwenyewe: mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Damu haipiti pale, nyama inaanza kufa, na kidonda huweza kuchimba mpaka kwenye mfupa. Kinga yake ni kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, kuweka mto usioruhusu visigino kugusa godoro, kumkausha vizuri na kumlisha vizuri. Kitanda cha kamba kilicholegea humzamisha mtu katikati, uzito wote ukaangukia kiunoni. Maelekezo mengi yanasema tazama wekundu wa ngozi, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Mtunzaji hutumia mgongo wa kiganja kutafuta mahali penye joto kuliko pengine, pagumu au pateketeke, au palipogeuka kuwa peusi zaidi. Akipakuta hapasugui kwa mafuta, kwa sababu kusugua kunazidi kuiumiza nyama iliyo chini. Anauondoa uzito pale na kumwita mtaalamu.

Hayo yote yanahusu mwili. Nusu ya pili ya mafunzo inahusu stara, na hapa watu wa pwani wana cha kuwafundisha wengine. Kumwogesha mtu mzima kunafanywa sehemu kwa sehemu: khanga au shuka inafunika mwili wote, inafunuliwa sehemu inayooshwa, inakaushwa na kufunikwa tena kabla ya kwenda nyingine. Mtunzaji anauliza kabla ya kugusa na anasema anachotaka kufanya. Pale mzee anapoweza kujiosha sehemu zake za siri mwenyewe, anakabidhiwa kitambaa na kupewa faragha. Suala la nani amwogeshe nani halipuuzwi: yapo mambo ambayo mjukuu anaweza kumfanyia bibi yake kwa utani na kicheko, lakini mtoto wa kiume hawezi kumfanyia mama yake bila wote wawili kuumia moyoni. Mara nyingi mama hukataa kuoga kabisa kuliko kuogeshwa na mwanawe, na watu wakasema amekuwa mkaidi. Katika nyumba ya Kiislamu, mtunzaji anajifunza pia kumsaidia mzee kutawadha, au kutayamamu pale maji yasipowezekana, na kukigeuza kitanda aelekee kibla. Hilo ni sehemu ya huduma sawa na chakula. Na mahali kama uwanda wa Newala, ambako maji yamekuwa shida ya miaka mingi, mtunzaji lazima ajue kumwosha mtu akawa safi kwa maji ya beseni moja.

Ningependa msomaji atofautishe jambo moja ambalo watu wengi hulichanganya. Kumtunza mzee aliyedhoofika na kumsaidia mtu mwenye ulemavu ni kazi zenye mikono ileile lakini moyo tofauti. Kijana aliyeanguka kutoka kwenye mnazi akavunjika uti wa mgongo si mgonjwa anayesubiri kupona. Ana miaka 25, anataka kwenda kwenye mnada wa korosho, anataka kuoa, anataka kufungua duka la vifaa vya simu. Msaidizi wake ni mikono na miguu ya mpango ambao ni wa kijana mwenyewe. Wakifika dukani, muuzaji akamgeukia msaidizi na kuuliza, "Huyu anataka nini?", msaidizi aliyefunzwa anarudi nyuma hatua moja na kumwacha mwenye shida ajibu. Mtu asiyeona hashikwi mkono na kukokotwa. Anapewa kiwiko akishike mwenyewe, aende kwa mwendo wake. Kwa mwenye ulemavu wa akili, kazi inagawanywa hatua ndogo ndogo, anafundishwa moja mpaka aimudu, na msaidizi anajizuia asimalizie kwa sababu tu yeye ana haraka. Kujizuia huko ni kugumu, na ndiko kunakomtenganisha aliyefunzwa na mwenye huruma tupu.

Wazo hilo lilitoka kwa watu wenye ulemavu wenyewe. Huko Berkeley, Marekani, Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kutumia mashine ya kupumulia, alikuwa miongoni mwa waliosimamisha harakati za kuishi kwa kujitegemea, na kituo chao kilianzishwa mwaka 1972. Msimamo wao ulikuwa kwamba anayesaidiwa ndiye anayemchagua, anayemwelekeza na anayeweza kumwachisha kazi msaidizi wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unabeba roho hiyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa wazee, Sera ya Taifa ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na kuendelea.

Kwa nini mafunzo haya yaitwe ya ufundi stadi, yasiwe semina? Kwa sababu kipimo chake ni umahiri. Mwanafunzi hafaulu kwa kueleza kwenye karatasi jinsi ya kumgeuza mtu kitandani. Anamgeuza mbele ya msimamizi, mara kadhaa, na kwa watu wenye hali tofauti, mpaka aonekane amemudu. Ndiyo maana mafunzo kwa vitendo hayawezi kurukwa. Australia, cheti cha ngazi ya tatu cha kazi hii kinamtaka mwanafunzi afanye kazi si chini ya saa 120 mahali halisi pa huduma, na tume ya uchunguzi wa huduma za wazee iliyotoa ripoti yake mwaka 2021 ilipendekeza cheti hicho kiwe kiwango cha chini kwa watunzaji wa wazee. Japani, nchi yenye wazee wengi kupindukia, kozi ya kuanzia ina saa 130. Nchi hizo zimefika hapo baada ya kuona wazee wakiumia mikononi mwa watu wenye nia njema wasiojua kazi.

Tanzania ina vyombo vya kubebea mafunzo ya namna hii. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo Mtwara na Lindi, na hutoa vyeti vya ngazi tatu. Wengi wanaijua kwa umeme, useremala, ushonaji na magari. Upo pia utaratibu wa urasimishaji ujuzi: mtu aliyejifunza kazi mtaani anapimwa, anaongezewa pale alipopungua, na kupewa cheti. Utaratibu huo umewasaidia waashi, mafundi magari na wapishi. Kwa mtazamo wangu, mwanamke wa Lindi aliyemwuguza mama mkwe kwa miaka, akamzika bila kidonda hata kimoja mgongoni, ana ujuzi unaostahili kupimwa kwa njia hiyo hiyo. Na walimu wa kwanza wa darasa lolote la utunzaji wawe watu wenye ulemavu. Masasi kuna chuo cha Mtapika, kilichowekwa ili watu wenye ulemavu wajifunze fani mbalimbali. Nani anajua vizuri kuliko wao msaada unaofaa na ule unaodhalilisha?

Mtunzaji asichanganywe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Huyu wa pili hupita kaya kwa kaya akitoa elimu, akifuatilia wajawazito na watoto, akiwaelekeza wagonjwa kituoni. Mtunzaji anakaa na mtu mmoja au wachache, kwa saa nyingi. Ila wote wawili watakutana kwenye mguu wa matende, ugonjwa unaojulikana sana ukanda wetu. Mguu huo unaoshwa kila siku kwa maji na sabuni, unakaushwa vizuri hasa katikati ya vidole, na unainuliwa mwenyewe anapopumzika. Vipindi vya homa na maumivu hupungua sana kwa huduma hiyo tu.

Mafunzo mazuri humfundisha mtu pia mipaka yake. Mtunzaji anaandika kwenye daftari mzee amekula nini, amekojoa mara ngapi, amelalaje, na daftari hilo linakuwa shahidi mbele ya daktari. Hashiki kadi ya benki ya mzee wala namba ya siri ya simu yake. Akiona michubuko isiyoelezeka, au mzee amefungiwa ndani, anamweleza ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri hata kama aliyefanya hivyo ndiye anayemlipa. Kwa familia zetu, ambamo neno la mjomba lina uzito, ni vizuri siku ya kwanza kuulizwa waziwazi: mzee mwenyewe anataka nini, na akishindwa kusema, ni nani atakayesema kwa niaba yake?

Linabaki suala la malipo, ambalo familia hupenda kulipitia juu juu. Mtunzaji anayeajiriwa nyumbani ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kumgeuza mzee usiku wa manane ni kazi, kwa hiyo usiku huo upangiwe mtu na uandikwe kwenye mkataba. Msimu wa korosho, nyumba nzima inapohamia shambani na mtunzaji kubaki peke yake na mzee, zamu ya kumpokea ipangwe kabla mavuno hayajaanza: ni ndugu yupi atarudi mjini, siku gani, na kwa nauli ya nani.