Una miaka 42 na unataka urubani? Anza na daktari, ada baadaye

Watu wazima wanaokuja chuoni kuulizia urubani ni wengi kuliko mnavyodhani, wahasibu, walimu, jamaa wa benki waliochoka, na swali ni lile lile, jamani nimechelewa? Kisheria hapana. Leseni ya biashara, yaani ya kurusha ndege kwa malipo, inataka uwe na miaka 18 na kuendelea, ile ya juu ya ATPL, ya kapteni wa ndege kubwa, 21, hakuna palipoandikwa mwisho wa kuanza. Ila mwisho wa kuruka upo, na ndo unaoharibu hesabu za wengi.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege ya abiria yenye rubani mmoja unaiacha ukifika 60, yenye marubani wawili 65. Sasa hizi Caravan, ndege ndogo za Mafia, Serengeti na Maasai Mara ndo ajira ya kwanza ya wengi huku kwetu, na nyingine zinarushwa na mtu mmoja, so ukimaliza kusoma na 44 huko una miaka 16 tu, ukitaka ile mitano ya juu lazima uwe umeshahamia ndege za marubani wawili, kama ATR za Precision au Dash 8 za Jambojet na Air Tanzania.

Halafu kuna shimo katikati ambalo sisi wenye vyuo hatupendi kulitaja. Leseni ya biashara unaipata na masaa 200 hivi ya kuruka, ATPL inataka 1,500. Hayo 1,300 utayatoa wapi? Wengine wanakuwa wakufunzi, wengine wanakaa kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi, kwa posho ya nauli, wengine leseni inalala kabatini. Kijana wa 22 anayekula kwao atavumilia, wewe una ada za watoto na mkopo wa nyumba, kaa na mwenzio mpige hesabu bila kudanganyana. Na ujue kampuni nyingi zinapanga watu kwa tarehe ya kuajiriwa, kwahiyo kapteni wako anaweza kuwa na 27, shikamoo atakupa vizuri tu ila ndani ya kokpiti yeye ndo anaamua.

Medikali ndo ya kwanza kabisa. Usilipe hata shilingi ya ada kabla hujapimwa afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya. Miwani sio kesi ikiwa unaona vizuri ukiivaa. Presha inayodhibitiwa inajadilika. Sukari ya kuchoma insulini, kwa viwango vya ICAO, inafunga mlango. Na ukishavuka 40 huku unabeba abiria peke yako, cheti kinadumu miezi 6 badala ya 12, yani mara mbili kwa mwaka kazi yako iko mikononi mwa daktari.

Ukipita hapo, bado usiache kazi. Chukua PPL kwanza wikiendi, leseni ya kuruka binafsi, kima cha chini masaa 40 ingawa wengi wanayapita, unalipia saa kwa saa, na ukiona mfuko umeanza kulia kabla hujafika hata ishirini, simama hapo hapo.